Nimeongoza kundi la kutetea haki za Waogiek bila mfadhili wala mlezi, na kazi imefanyika

Nilipokubali uenyekiti wa kundi letu la kujitolea, kila mtu alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa uleule: tafuta mfadhili kwanza, mtafute mheshimiwa awe mlezi, halafu ita waandishi wa habari. Bwana mmoja mzoefu wa makongamano aliniambia waziwazi kwamba bila gari na bajeti hatutasikilizwa na yeyote. Naandika haya kwa sababu naona vijana wanaoanzisha makundi kama letu wakipewa ushauri huohuo hadi leo, wakikaa kumngoja mfadhili mpaka kundi linakufa.

Tuko upande wa mashariki wa Msitu wa Mau, Kaunti ya Nakuru. Wanachama ni Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali ambao Mau ni ardhi ya mababu zao, pamoja na majirani zao, Wakipsigis na Wakikuyu. Mimi ni mwalimu na si Mwogiek. Familia yangu ilihamia huku. Tunataka mambo mawili: hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zitekelezwe, na majirani wakae pamoja bila kuchomeana nyumba. Wengi hudhani ukisukuma la kwanza unaharibu la pili. Nimeona kwa macho yangu kwamba si hivyo, ila inategemea nani amesomewa nini.

Hapo ndipo tatizo lilipo: watu hawajasomewa. Oktoba 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 watoke Mau. Kesi ilipelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kisha mwaka 2012 ikafika kwenye Mahakama hiyo ya Afrika, iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba Kenya ilikiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ile hoja kwamba Waogiek lazima watolewe ili msitu upone ilikataliwa. Majaji walisema uharibifu mkubwa ulitokana na watu wengine kuingia msituni, serikali kukata vipande vya msitu kuwa makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa ovyo. Kisha tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, ardhi ipimwe na kupewa hatimiliki ya pamoja, na uundwe mfuko wa maendeleo ya jamii ya Waogiek.

Kijijini kwetu yote hayo yalikuwa yamefika kama sentensi moja tu: “Waogiek wameshinda, nyinyi wengine mfunge virago.” Fikiria mkulima wa viazi aliyepata shamba lake mwaka 2001, serikali ilipokata zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau, akisikia maneno hayo sokoni. Na fikiria kwamba mapigano ya 2020 kati ya Waogiek na majirani kule Nessuit na Mariashoni, humuhumu Nakuru, bado yamo vichwani mwa watu.

Tulianza kwa kufuata ushauri wa yule bwana wa makongamano. Aliandaa yeye mwenyewe semina ya maridhiano mjini, katika ukumbi wa hoteli, na rafiki zake wakalipia. Palikuwa na bango, chupa za maji, na kalamu za kugawa. Wazee wa Kiogiek walifika mapema wakiwa wamevaa vizuri. Kutoka upande wa majirani walifika vijana wachache tu, na hao walikuja kutafuta posho. Walizungumza wataalamu watatu mfululizo kwa Kiingereza, mtafsiri akiwakimbiza. Kufika saa nane mzee mmoja wa Kiogiek aliinuka, akasema kwa upole, “Mmetuita tupatane na nani? Jirani yangu yuko shambani kwake, na shamba lake liko huko tulikotoka.” Akaketi. Siku hiyo nilijua mkutano mwingine wowote tungeufanya kule juu, na ungehusu shamba.

Basi nikaenda saiba nikachapisha hukumu zote mbili. Kurasa ni nyingi na gharama iliuma kidogo, lakini nazo mkononi sikubahatisha tena. Katika hukumu ya fidia kuna amri ambayo sikuwahi kusikia mwanasiasa yeyote akiisoma hadharani. Inasema kwamba pale ambapo watu wengine wamepewa haki za kutumia ardhi ya Waogiek, serikali ianzishe mazungumzo ili pande zote zikubaliane kama wataendelea, kwa mfano kwa kukodi au kugawana mapato. Wasipokubaliana, serikali ndiyo iwalipe hao wengine, kisha ardhi irudi kwa Waogiek. Maana yake ni kwamba mzigo wa kulipa uko kwa serikali, na mazungumzo yanatangulia.

Tulikutana katika darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimegawa vipande vya karatasi tangu kanisani wiki iliyotangulia, nikaomba kila mtu aandike swali moja bila jina. Karibu nusu ya karatasi zilikuwa na swali lilelile kwa maneno tofauti. Hata hivyo mkulima mmoja hakutaka kujificha, akasimama na kofia mkononi: “Mwalimu, niambie neno moja tu. Natoka ama sitoki?”

Mimi sikujibu, na hili nawaomba wote wanaoongoza makundi kama haya walishike: asiye wa jamii ile hana mamlaka ya kutoa ahadi wala vitisho kwa niaba yake. Nilimpa mzee wa Kiogiek, yuleyule wa hotelini, ukurasa wa hukumu wenye ile amri ya mazungumzo. Binti yake alimsomea ile aya kwa Kiswahili, pole pole, mara mbili. Kisha mzee akasema, “Mimi nimefukuzwa. Najua kufukuzwa kukoje. Sitaki kumfukuza mtu, nataka nitambuliwe.” Darasa zima lilinyamaza, halafu yule mkulima akaketi, na mkutano ukaendelea mpaka jioni bila mtu kudai posho.

Mkutano uliofuata ndio ninaojivunia kuliko yote. Tuligundisha karatasi za manila hadi zikajaa sakafu, tukaweka sharti moja: siku hiyo hakuna kuchora mpaka wa shamba. Tunachora chemchemi, njia za zamani, makaburi na miti ya mizinga. Wazee walipiga magoti na kalamu za rangi, wajukuu wakiwaandikia. Ubishi ulikuwepo, ila ulikuwa ubishi wa watu wanaopajua mahali: mto unapinda kabla ya mwamba au baada yake, njia ya kwenda kwenye chumvi ya ng’ombe ilipita wapi. Majirani walianza kuongeza ya kwao, maana wamechota maji pale zaidi ya miaka ishirini.

Mzee mmoja alionyesha mti mkubwa uliobaki peke yake, akasema babake alitundika mzinga wa mwerezi pale. Mama mmoja wa Kikipsigis akashtuka: “Huo mti uko kwangu, nyuma ya zizi.” Alikuwa amepanga kuukata auze mbao. Walitoka pamoja kwenda kuutazama, na sisi tukawafuata. Juu kabisa, kwenye panda la matawi, palikuwa bado na kipande cha gogo lililochongwa, limepasuka katikati na kufunikwa na kuvu. Walikubaliana palepale: mti haukatwi, familia ya mzee inatundika mizinga mipya, na asali wanagawana. Tuliandika kwenye daftari la shule, wakatia alama za vidole, naibu wa chifu akashuhudia. Makubaliano ya aina hiyo sasa ni kadhaa katika daftari lile, na kila upande una nakala yake.

Kuhusu pesa, wanachama wanachanga kidogo kidogo kwa M-Pesa kwenda kwa mweka hazina, na salio linasomwa kwa sauti kila mkutano. Chai inapikwa na wenyeji wa siku hiyo. Hatulipi posho, nauli tunampa anayetoka mbali tu. Manila, gundi na kalamu hazikufika hata elfu mbili. Lisajilini kundi lenu pia. Sheria ya 2022 ya makundi ya jamii inataka watu wasiopungua kumi, na ukiwa na cheti barua zako zinapokelewa kwa adabu zaidi.

Mtu akikuambia kwamba hukumu ya Arusha ni mambo ya nje, usibishane naye. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 63. Ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji na wakusanyaji imetajwa humo kuwa ardhi ya jamii. Nimeona watu wazima wakikiomba kitabu mkononi mwangu wakisome wenyewe.

Wanasiasa wanakaribishwa, wanakaa viti vya kawaida na wanazungumza zamu yao ikifika. Wawili waliacha kuja baada ya kuelezwa hivyo, na hatukuwakosa. Akina mama msiwaweke jikoni wakati wa mkutano. Wanaojua nani alilala nje usiku wa vurugu ni wao. Na mwandishi wa habari akija, anazungumza na Mwogiek kwanza. Mimi nilikuwa namshikia begi ikibidi.

Novemba 2023, Waogiek walipotolewa na nyumba zao kubomolewa kule Sasimwani, Kaunti ya Narok, nilidhani majirani wetu wangerudi kuogopana. Waliokuja kwangu kwanza kuuliza tufanye nini walikuwa wakulima wa viazi. Barua ya kupinga ubomoaji ule tuliyoituma ilikuwa na sahihi zao na za Waogiek, na hapo niliamini kwamba mikutano ile ya darasani ilishika.

Uenyekiti nimeuachia sasa. Anayeongoza ni binti wa yule mzee, yule aliyesoma aya darasani, na anasimamia mikutano kuliko nilivyowahi. Mimi nimebaki katibu wa barua. Kila baada ya miezi michache naandika kwa ofisi zinazohusika nikiuliza mambo matatu: fidia imelipwa lini, upimaji wa ardhi umefikia wapi, na ule mfuko wa maendeleo unasimamiwa na nani. Majibu ni haba na mengine hayaji kabisa, ila nakala za barua zote ziko kwenye faili shuleni, zimepigwa muhuri wa kupokelewa, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kulifungua.