Kunja, geuza: vipepeo vya karatasi darasani kwangu

Nafundisha darasa la awali huku Pasua, Moshi. Nina watoto 28, wengi wa miaka minne na mitano. Masika yalipokatika, vipepeo walijaa kwenye maua ya maboga nyuma ya darasa, na kila nikigeuka namkuta mtoto dirishani. Nikaamua tutengeneze wa kwetu, wa karatasi.

Siku ya kwanza iliniuma. Nilinunua manila za rangi kwa sababu zinapendeza, kumbe ni ngumu kwa vidole vya mtoto: akikunja inafunguka, akilazimisha inapasuka. Halafu nikasimama mbele nikawaonyesha mikunjo myembamba ya kwenda na kurudi. Walinitazama tu. Mwisho nikapita meza hadi meza nikiwakunjia mmoja mmoja, wao mikono mapajani. Vikapatikana vipepeo 28, vyote vyangu. Mtoto wa kwanza niliyempa alikiacha mezani akaenda kucheza.

Jioni napepea mkaa kwa kipande cha boksi, nikamkumbuka bibi alivyokuwa akituagiza, "Nileteeni kipepeo," akitaka kile cha kupepea moto. Mdudu na kifaa, jina moja. Na watoto wangu wote wameona jiko likipepewa. Kesho yake sikutaja mdudu. Nikasema, "Leo tunamtengenezea mama kipepeo cha jiko."

Safari hii nilichukua karatasi za kawaida za A4 zilizochapwa upande mmoja. Nilizikata mwenyewe ziwe mraba wa sentimita 21, na ule ukanda wa sentimita 8.7 unaobaki nikauhifadhi. Walipaka krayoni kabla ya kukunja, maana juu ya mikunjo krayoni inarukaruka. Kisha tukakunja kama kitabu, tukakunja tena, na tena, mara tatu kwa mwelekeo uleule. Ukifungua unakuta mistari saba imegawa karatasi sehemu nane, kila moja karibu sentimita 2.6, kama vidole viwili vya mtoto. Basi hakuna tena kukisia, mtoto anafuata mistari.

Tukaanza: kunja, geuza karatasi, kunja, geuza. Huko kugeuza ndiko kulikookoa somo. Kukunja kwenda nyuma kuliwashinda wengi, lakini karatasi ikigeuzwa kila mara, kila mkunjo unakuwa wa mbele.

Mikunjo ikawa inalegea. Binti mmoja, mkimya sana, akachukua kijiko chake cha uji, akakilaza kifudifudi, akakipitisha juu ya mkunjo polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Nilipomwinamia akasema, "Mwalimu, napiga pasi." Dakika mbili hazikupita, darasa zima linapiga pasi kwa vijiko.

Vipepeo vya jiko vilipokamilika, kila mtu akajipepea usoni. Hapo ndipo nikawaambia wavibane katikati wafungue pande zote mbili, waone ni nani amekuja. Wakapiga kelele. Ila mmoja akachungulia nje, akarudi na hoja: wa kwenye maua ana mabawa manne. Kweli. Siku iliyofuata tukakunja mraba mwingine wa sentimita 15 kwa mabawa ya chini.

Kufunga uzi sikuwapa kabisa, fundo bado ni gumu kwao. Nilileta vibanio vya kuanikia nguo kutoka soko la Mbuyuni. Kibanio kinauma karatasi zote mbili katikati na chenyewe kinakuwa mwili. Ule ukanda uliobaki tuliuchana vipande vyembamba, viwili vikachomekwa mdomoni mwa kibanio kuwa vipapasio. Kubinya kibanio kunawatoa jasho, na mimi nafurahi, kwa kuwa vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Kuna jambo nililisikia nikaacha kila nilichokuwa nafanya. Wakati wa kukunja walisema, "Changu kimelegea," "Hiki cha nani?" Kibanio kilipouma tu, maneno yakabadilika: "Wangu ameruka!" "Mwalimu, huyu anakula nini?" Sikuwa nimewafundisha. Nikamjibu aliyeuliza kwamba ananyonya maji matamu ya ndani ya ua.

Asubuhi yake nilifika mapema. Kwenye maboga nyuma ya darasa nikakuta vipepeo watatu wa karatasi, kila mmoja amebanwa kwenye kikonyo cha ua.