Nilivyoituliza feni ya kompyuta ya steshenari, Nyegezi

Kompyuta ya steshenari ya mdogo wangu, hapa Nyegezi, ni mtumba wa mezani. Feni ya nyuma ya boksi ilikufa, fundi akafunga nyingine aliyokuwa nayo, na tangu siku hiyo ikawa inanguruma kama boti ya injini. Mteja anataka fotokopi, inabidi apaze sauti. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake: puliza vumbi, tia oili, nunua feni nyingine. Vumbi Mwanza lipo, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hujazana kwenye matundu ya boksi, basi nikapuliza. Kelele ileile.

Kasi ya feni ningeweza kuipanga kwenye baiosi, ile programu ya mipangilio inayoamka kabla ya mfumo, ila imefungwa kwa nywila ya mwenye mashine wa kwanza, ambaye hajulikani yuko wapi. Ikabaki Linux, mfumo endeshi wa mashine hii.

Amri ya sensors ilinionyesha joto la prosesa tu, nyuzi 46, bila mstari wowote wa feni. Joto hilo huletwa na draiva (programu inayoiwezesha Linux kuongea na kifaa) ya coretemp, inayosoma sensa zilizo ndani ya prosesa yenyewe. Habari za feni ziko kwenye chipu nyingine kabisa, juu ya mazabodi. Sensors-detect, amri ya kutafuta chipu za sensa, ikaitambua kuwa ni ya kampuni ya Nuvoton, nikapakia draiva yake kwa modprobe nct6775, na mistari ya feni ikatokea. Ile ya nyuma ilikuwa inapita mizunguko 2,000 kwa dakika, na mashine haina kazi yoyote.

Folda za sensa zinakaa /sys/class/hwmon. Faili la pwm1 hubeba kasi, kuanzia 0 hadi 255, na pwm1_enable ikiwa 1, kasi unaipanga mwenyewe. Nikaweka 1, kisha nikaandika 100 kwenye pwm1. Nikasoma tena: 100. Feni wala haikushtuka.

Ni rahisi kuilaumu draiva hapo. Mimi nilichungulia soketi ya feni kwenye mazabodi: pini 4, na feni mpya ina nyaya 3. Kwa mfumo wa pini 4, bodi huipa feni volti 12 muda wote, halafu huiagiza kasi kupitia waya wa nne. Feni isiyo na waya huo inakula volti zote na kukimbia hadi mwisho. Dawa iko kwenye faili la pwm1_mode: 1 maana yake ishara ya waya wa nne, 0 maana yake kupunguza volti zenyewe. Si kila soketi inaweza kupunguza volti, ila hii iliweza. Nilipoandika 0, feni ikashuka hapohapo, na sauti ikatoka kaunta: “Kaka, umeme umekatika?”

Amri ya pwmconfig ikanitengenezea faili la mipangilio la fancontrol, programu inayobadili kasi ya feni kufuata joto. Nilipozima na kuwasha, folda ya chipu iliyokuwa hwmon2 ikawa hwmon3, fancontrol ikagoma, na pwm1_mode ikarudi 1. Draiva sasa nimezipanga kwenye /etc/modules ili zipakiwe kwa mpangilio uleule. Pia kuna skripti fupi inayotangulia fancontrol: inafungua faili la name la kila folda, inaitafuta chipu kwa jina lake badala ya namba, kisha inaandika 0 kwenye pwm1_mode. Ndani ya faili la fancontrol, MINTEMP, joto ambalo chini yake feni hubaki kwenye kasi ya chini, iko 45; MAXTEMP, joto ambalo juu yake hukimbia hadi mwisho, iko 65. MINSTART, yaani thamani ya pwm1 ya kuiamshia feni iliyosimama, nimeipandisha hadi 130, kwa sababu feni hii ikianzia volti ndogo inatetemeka tu bila kuzunguka.