Mbona hata chozi hana?

Ijumaa usiku. Leo ni siku ya sita tangu tumzike mama yake dada wa meza ya pili ofisini, na maneno manne ya Shangazi bado hayajanitoka. "Mbona hata chozi hana?" Aliniinamia sikioni wakati jeneza likiteremshwa, na kwa kuwa watu walikuwa kimya, nina hakika mfiwa mwenyewe aliyasikia. Nikajibu, "Kila mtu na namna yake, Shangazi." Akanitazama. "Namna gani hiyo ya kukauka?" Nikanyamaza.

Wiki imekuwa na mambo yake: mdogo wangu karudi nyumbani na mwanawe mchanga, ofisi imehamia ghorofa ya tatu, ripoti ya nusu mwaka imekwenda. Hakuna hata moja lililoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni lile jibu langu. Kazi yangu mnaijua, ni kukaa na wafiwa. Halafu ninaulizwa swali lililo kiini cha kazi hiyo, ninatoa jibu la kumfunga mdomo muulizaji.

Basi niandike nilichokiona. Dada yule alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa cha marehemu. Alikikunja mara mbili, kisha mara nne, akapitisha kidole gumba juu ya mkunjo kama anayepiga pasi, akakikunjua, akaanza upya. Ncha kwa ncha, pindo kwa pindo, tangu sala ya kwanza mpaka udongo wa mwisho. Kati ya mkunjo na mkunjo aliinua uso kuhakikisha wazee wamepata viti. Shangazi alimtazama macho, mimi nilimtazama mikono.

Kile cha viti na kitambaa kina maelezo yake. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huyumba kati ya pande mbili. Upande mmoja ni msiba wenyewe: kumkumbuka marehemu, kumlilia, kumtamani. Upande wa pili ni maisha yaliyobaki mlangoni yakisubiri: vyeti, madeni, funguo, nani sasa atamwangalia baba. Mtu huenda huku akarudi kule, mara nyingi ndani ya saa moja, na kwa kuyumba huko ndiko anakopata nafuu. Aliyenaswa upande mmoja bila kutoka, awe wa kulia tu au wa kazi tu, ndiye wa kuangaliwa kwa karibu. Anayekunja kitambaa huku anahesabu viti hajanaswa popote.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nyuma ya Shangazi alikuwapo mwingine, msomi, akasema dada "bado yuko hatua ya kukana". Hizi hatua tano za huzuni, yaani kukana, hasira, kujadiliana, sononi na kukubali, zimewatesa wafiwa wengi nilioketi nao. Daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, alizitoa mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakifa wenyewe. Wagonjwa wale walikuwa wakipokea habari ya kifo chao, hawakuwa wamefiwa. Baadaye watu wakazigeuza ngazi, kana kwamba mfiwa anatakiwa kupanda kutoka kukana hadi kukubali bila kuruka hata moja. Huwa nawapokea wakiniuliza wamekosea wapi kwa sababu hawajakasirika, au kwa sababu walikubali Jumatatu na Alhamisi wakaangua kilio dukani. Hawajakosea. Huzuni huja kwa mawimbi, na wimbi linaweza kuletwa na harufu ya sabuni tu.

Na hilo la machozi. Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, aliishi na maskini wa Cairo, kisha akaishi na watu wa Bali. Mwaka 1988 alilinganisha jamii mbili za Waislamu, moja ya Misri na moja ya Bali. Dini moja, Qurani moja. Cairo, mama aliyefiwa na mtoto huruhusiwa kuzama katika majonzi kwa muda mrefu, na wanawake wenzake humzunguka wakilia naye, kwa kuwa kumwacha alie peke yake ni ukatili. Bali, mfiwa hutabasamu, na wenzake humchekesha. Si kwamba hana uchungu. Wanaamini huzuni hudhoofisha uhai wa mtu na kuwaambukiza waliomzunguka, kwa hiyo uso mkavu ni kazi ngumu anayoifanya kwa ajili ya wengine. Mpeleke mama wa Cairo Bali, wataona anajiua. Mlete wa Bali Cairo, wataona hakumpenda mwanawe. Na dini yenyewe haikuwalazimisha huku wala kule: Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahimu alitokwa na machozi, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kujipiga na kuchana nguo.

Haya ndiyo ningemwambia Shangazi. Siku tatu za mwanzo niliyapanga kichwani kama wakili, kila nikioga naongeza hoja.

Jumatano nikaanza kuona upande wake, na hasira ikapungua.

Shangazi amelelewa akijua kwamba kilio ni deni. Hayuko peke yake duniani. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, inasema hata aliye maskini kabisa katika Israeli, akifiwa na mke, asipungukiwe na filimbi mbili na mwanamke mmoja wa kuomboleza. Nabii Yeremia anaagiza waitwe wanawake waombolezaji, mahodari wa kazi hiyo, waje upesi ili macho ya watu yachuruzike machozi. Ireland kulikuwa na wanawake walioimba mbolezi juu ya maiti kwa ujuzi wa kurithiana, wakitaja nasaba yake na mema yake. Kwa watu hawa kulia ni heshima ya mwisho, ni ushahidi kwamba aliyekufa alikuwa mtu wa watu. Maiti asiyeliliwa ameibiwa. Kwa hiyo aliponiuliza mbona hata chozi hana, Shangazi alikuwa akimtetea marehemu.

Tena alikuwa na hofu. Tukiwa getini alisema jambo nililolisahau mpaka juzi: "Atakuja kupasuka huyu." Hofu hiyo imewahi kuandikwa na wataalamu wakubwa. Mwaka 1937 Helene Deutsch, mwanasaikolojia aliyetoka Vienna, aliandika kwamba huzuni isiyotoka itatafuta mlango mwingine, na fikra hiyo ikatawala kwa miongo mingi. Baadaye mwanasaikolojia wa Marekani George Bonanno na wenzake walipofuatilia wazee tangu kabla hawajafiwa na wenzi wao, waliona kundi kubwa kuliko yote ni la waliohuzunika bila kuanguka, na mpasuko wa baadaye ulikuwa nadra sana. Wasiolia wengi hawana kitu walichokificha. Wanalia usiku, au walishalia mgonjwa alipokuwa kitandani, au hawalii kabisa na wanapenda vilevile.

Kwa hiyo chozi si kipimo. Vipimo ninavyovitumia ni vya kawaida kabisa. Analala saa ngapi, na akiamka usiku anafanya nini? Anakula mara ngapi? Nani analala naye nyumba moja? Kuna dawa za marehemu zilizobaki kabatini? (Ziondolewe mapema, na mtu wa familia, bila kelele.) Je, amewahi kusema angependa kumfuata? Hili la mwisho huulizwa waziwazi, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo, humpa mahali pa kulitua.

Na mwili nao. Mfiwa akishika kifua na kukosa pumzi, watu humwambia "ni majonzi hayo, kunywa maji". Hapana, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuna hali iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1990 na kuitwa takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza, kwa sababu chumba cha kushoto cha moyo huvimba kwa chini na kubaki na shingo nyembamba kama chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa, na dalili zake hazitofautiki na za shambulio la moyo mpaka vipimo vifanyike. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa wakihudumiwa. Kwa kumtazama tu huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kitambaa, maana najua kitakachofuata. Wiki ijayo mtu mwema atakwenda kumsaidia "kusafisha chumba cha mama", na kufikia jioni nguo zote zitakuwa zimefuliwa au zimegawiwa. Naomba msifanye hivyo kabla mfiwa hajasema. Harufu ikishafuliwa hairudi. Achague nguo moja, iwekwe bila kufuliwa ndani ya mfuko unaofungwa vizuri. Zilizobaki zigawiwe siku atakayotaka yeye. Zamani ungeambiwa hilo ni kung'ang'ania: mwaka 1917 Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyechunguza nafsi za watu, aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kumbandua aliyekufa moyoni, kumbukumbu moja baada ya nyingine, mpaka moyo uwe huru. Kisha mwaka 1920 akafiwa na binti yake Sophie. Mwaka 1929, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger kwamba pengo lile halitazibika kamwe, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, maana ndiyo njia pekee ya kuendeleza upendo tusiotaka kuuacha. Mimi namwamini Freud wa barua kuliko Freud wa makala. Wajapani wenye madhabahu ya marehemu nyumbani, wanaomwekea wali asubuhi na kumsimulia habari za nyumba, hawakuwahi kuhitaji kuambiwa.

Wanaokwenda kumwona, hekima niliyoipenda kuliko zote ni ya Wayahudi wanaokaa matanga siku 7. Mgeni huingia, hukaa, na haanzi kuzungumza mpaka mfiwa azungumze. Huenda wameipata kwa marafiki wa Ayubu, ambao kwa siku saba mchana na usiku hawakumwambia neno, na walikuwa marafiki wazuri mpaka walipofungua midomo. Chakula cha kwanza baada ya maziko hakitoki jikoni kwa mfiwa, huletwa na wengine. Mtume naye, habari za kifo cha binamu yake Jaafar zilipofika, alisema familia ya Jaafar itengenezewe chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Dini mbili tofauti zimeliona tatizo lilelile: mfiwa hawezi kupanga. Ndiyo maana "niambie ukihitaji chochote" haisaidii, inamwongezea kazi ya kufikiri na kuomba. Sema, "Alhamisi saa kumi nitakuja kufua." Kisha nenda Alhamisi saa kumi.

Na usimalize nguvu zote wiki hii. Wiki hii nyumba imejaa. Andika kwenye kalenda wiki ya 3, wiki ya 6, mwezi wa 3, na siku ya kuzaliwa ya marehemu. Ukipiga simu, litaje jina lake. Wafiwa wengi huniambia kilichowauma ni watu kuacha kulitaja jina, kwa hofu ya kuwakumbusha, kana kwamba walikuwa wamesahau.

Lini basi tuseme huzuni imezidi? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, linataka miezi isiyopungua 6 ya kumtamani marehemu kila mara kwa uchungu mkali unaomzuia mtu kuishi, na iwe imepita wazi kiasi kinachotarajiwa katika utamaduni na dini yake. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, wa mwaka huohuo, unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Hayo maneno kuhusu utamaduni nayashukuru sana. Daktari analazimika kuwauliza watu wake kwanza: kwenu, miezi sita ni mingi? Kwa hiyo Shangazi na jicho lake kali anahitajika. Hatuwezi kumpima dada bila kujua nyumba yake inalia vipi.

Leo mchana simu ililia. Shangazi. Nilijiandaa na hoja zangu zote, Cairo na Bali mkononi. Hakuniuliza habari ya machozi. Alisema, "Yule binti anakula?" Nikamwambia sijui. "Basi kesho napeleka chakula, wewe utanionyesha nyumba." Akakata kabla sijajibu, na nikabaki nimeshika simu, furaha imenijaa mpaka kooni. Tutakwenda saa nne. Nitamwomba tusianze sisi kuzungumza. Atasema ndiyo, sijui kama ataweza.

Jambo jingine, kabla sijalala. Leo ni siku ya tisa tangu mtoto wa mdogo wangu azaliwe, na kitovu chake hakijadondoka. Najua huchukua wiki moja hadi mbili, najua kiwekwe kikavu na nepi ikunjwe chini yake, na hakina harufu wala wekundu pembeni, nimekiangalia mara tatu kwa tochi. Lakini jioni ngozi ya pale chini ilikuwa na unyevu kidogo, na mdogo wangu alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha.