Mbwa wa Marumaru Aliyekatika Mkia

Treni ya kutoka Leicester ilitufikisha St Pancras saa nne asubuhi, mvua ikinyunya. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa. Dada alikuwa amenikabidhi mtoto, mwavuli na mkate wa kula njiani. Tukatembea kupitia Russell Square hadi British Museum, makumbusho makubwa ya London. Kuingia ni bure, mikoba tu ndiyo hukaguliwa. Nilikuwa na hamu ya kitu kimoja: kumwona mbwa.

Nimezaliwa Tabaka, kule Kisii, kwenye machimbo ya jiwe la sabuni. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kusugua kiboko kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka mikwaruzo ya kisu ipotee. Viboko na tembo wetu walifungashwa, wakaenda Nairobi na Mombasa, na kutoka huko wakachukuliwa na watalii. Walikoishia hatukujua. Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna mnyama wa jiwe aliyebebwa vivyo hivyo kutoka Roma miaka zaidi ya 260 iliyopita, na kwamba anaonekana, niliapa nikifika Uingereza nitamtafuta.

Yuko ghorofa ya chini. Ameketi kwa matako, miguu ya mbele imesimama, kichwa amekigeuzia kushoto kama aliyesikia hatua za mtu. Kimo chake ni kama mita moja. Manyoya ya shingoni yamechongwa fungu kwa fungu, na midomo imelegea pembeni kama ya mbwa mzee. Aliyemchonga, fundi wa Kirumi katika karne ya 2, alikuwa akinakili sanamu ya shaba ya Kigiriki ambayo sasa imepotea. Jina lake halipo popote.

La aliyemnunua lipo. Henry Constantine Jennings alikuwa kijana wa ukwasi, na enzi zile vijana wa makabaila wa Uingereza walipelekwa Italia kukamilisha elimu yao. Kurudi mikono mitupu ilikuwa aibu. Katika miaka ya 1750 alimkuta mbwa huyu Roma, kwa Bartolomeo Cavaceppi, fundi aliyesifika kwa kuunga sanamu zilizovunjika. Inasemekana alikuwa kwenye rundo la vifusi. Akamlipia skudi 400, fedha za Roma za wakati huo, kama pauni 80. Huko kwao wakambandika jina: Jennings wa Mbwa. Baadaye madeni ya kamari yakambana, na mwaka 1778 mbwa akauzwa gini 1,000 (gini ilizidi pauni kidogo), akahamia jumba la Duncombe Park, Yorkshire. Mwaka 2001, alipokaribia kuuzwa ng'ambo, makumbusho yakachangisha fedha na kumnunua kwa zaidi ya pauni 660,000.

Mwaka ule wa 1778 bei hiyo ilizua mabishano London. Mmoja alisema hakuna sanamu ya mnyama inayostahili gini 1,000. Samuel Johnson, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza, akamjibu kwamba kinachothaminiwa ni ufundi wa kuitengeneza. Nakubaliana naye kabisa.

Nilikaa sana kwenye pua. Pua na mguu wa kushoto ni kazi ya karne ya 18, vimeungwa. Nilizunguka, nikachuchumaa, nikatafuta mahali jiwe la zamani linapoishia na jipya linapoanza. Nyumbani mkonga wa tembo ukivunjika tunautupa pamoja na tembo wake. Fundi aliyeunga pua hii aliketi akaitazama midomo iliyokuwepo, akakisia pua iliyopotea, akaipata.

"Mjomba, mbona hana mkia?"

Nikamsimulia habari za Alcibiades, mwanasiasa wa Athens ya kale, aliyemkata mkia mbwa wake mzuri ili watu wapate la kusema, wasije wakasema mabaya zaidi juu yake. Kwa sababu ya kisa hicho sanamu hii huitwa mbwa wa Alcibiades. Mtoto alikasirika kweli. Hakutaka tena kusikia habari za Alcibiades.

Mchana tulikwenda Queen Anne's Gate, kwenye nyumba ya Charles Townley, mkusanyaji mwingine. Aliijaza sanamu kutoka Italia, wakiwemo mbwa wawili wembamba wa marumaru waliofukuliwa na Gavin Hamilton, mchimbaji wa vitu vya kale, kwenye kilima cha Monte Cagnolo karibu na Roma. Alipofariki mwaka 1805, makumbusho yalilipa pauni 20,000 kwa marumaru zake. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulisoma kibao cha buluu cha kumbukumbu yake ukutani, tukala mkate wetu.

Jioni nikampigia mama simu Tabaka.

"Amekaaje?" akauliza.

Nikamweleza: matako chini, kichwa kushoto, manyoya fungu kwa fungu.

"Na hiyo pua, mwanangu, wameiungaje?"

Nikamwambia nilichoweza kuona. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama jiwe lenyewe linakubali kisu. Nikamwambia halikubali, ni la patasi na nyundo tupu. "Pole zao," akasema mama.