Alipouona Mji, Akaulilia

Somo: Luka 19:41-44

Wapendwa, yambo kwenu nyote.

Luka anasema Yesu alipoukaribia Yerusalemu na kuuona, aliulilia. Laiti mji ungejua yaletayo amani, akasema, lakini sasa yamefichwa machoni pake. Miaka mingi nilisoma mistari hiyo mbiombio ili nifike pale anapowafukuza wachuuzi hekaluni. Ukali wake ulinipendeza kuliko machozi yake.

Aliyenirudisha nyuma ni marehemu Askofu wetu Mkuu, Mzee Christophe Munzihirwa. Neno lake Bukavu nzima, mji wetu huu wa mashariki mwa Kongo, inalijua: kuna mambo ambayo hayaonekani vizuri isipokuwa kwa macho yaliyolia. Tunalirudia kila Oktoba, karibu kama methali, tukisahau kwamba msemaji alikuwa mtu wa vitabu. Mjesuiti huyu, yaani padre wa Shirika la Yesu, alisomea elimu ya jamii na uchumi huko Louvain, Ubelgiji. Angetuambia kwamba mambo huonekana kwa hesabu na takwimu, nasi tungemwamini.

Lakini mwaka 1971, Rais Mobutu alipowatia wanafunzi jeshini kwa nguvu, wakiwemo vijana wa Kijesuiti, padre huyu aliomba aingizwe pamoja nao. Alikuwa na umri wa miaka 45 hivi. Hebu mfikirie mwalimu wa rika hilo akivaa gwanda na kupanga mstari na wanafunzi wake! Naona ndipo elimu yake ilipopata macho.

Alipewa jimbo letu mwaka 1994, mwaka ambao wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mto Ruzizi mpakani kwa maelfu. Na hapa tusijidanganye. Miongoni mwao walikuwemo wauaji wa mauaji ya kimbari ya kule, na watu walijua. Mzee alikataa kuwahesabu wote, pamoja na watoto na vikongwe, kuwa wauaji. Aliandika barua na ujumbe, akawasihi wakubwa wa dunia wazuie vita iliyokuwa inakuja. Wako waliomlaumu kwa hilo, na wengine wanamlaumu hadi leo. Mimi naona lawama hiyo inatoka kwa watu wanaotaka machozi yachague kabila kabla ya kudondoka.

Vita ilipofika Oktoba 1996, wengi waliokuwa na mamlaka mjini walikimbia. Yeye alibaki, akawasihi Wakristo wadumu katika upendo. Jumanne tarehe 29, jioni, wanajeshi walimsimamisha pale Nyawera, hapa mjini. Alishuka garini akiwa na msalaba mkononi. Walimuua, na mwili wake ukalala barabarani usiku kucha. Leo kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa kuu.

Nyawera napita karibu kila siku. Ni honi, pikipiki, vumbi, na mama wa ndizi anayeniita mteja wake hata siku ambazo sina faranga. Juzi nilisimama pale kidogo nikajaribu kuuona mji kama Yesu alivyouona. Kusema kweli, macho yalibaki makavu. Nilikuwa nafikiria bei ya makala, makaa ya kupikia.

Alhamisi shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya Wakristo, litakutana saa kumi na moja. Kila mmoja aje na jina la mtu aliyekufa vitani ambaye si wa ukoo wake, na kama inawezekana, si wa kabila lake. Tutayataja polepole. Kisha tutasoma Luka, mistari hiyo minne tu. Hekaluni hatutafika.