Nilivyomuuguza mama kidonda cha mguu kwa kitambaa cha mwani

Mama ana kisukari, na kidonda kilichomtoka chini ya dole gumba la mguu kilikuwa kikitoa maji mengi. Shashi ya kawaida ililowa, ikakauka, na kila nikiibandua inang'oka na nyama changa. Huku Langoni, Lamu, nyumba zimebanana. Kila aliyepita kumjulia hali alikuja na ushauri, na wa wengi ulikuwa mmoja: kiache wazi kipigwe upepo.

Nesi wake alikataa. Alinieleza kwamba mwaka 1962 George Winter wa Uingereza aliwajaribia nguruwe, akaona kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Seli za ngozi husogea kwenye unyevu. Gaga likiwa gumu, hubidi zijipenyeze chini yake. Akatuandikia aljineti, kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na mwani wa kahawia. Hapa sikukipata. Ndugu yangu alikinunua Mombasa, akakipakia kwenye basi hadi Mokowe, nami nikavuka kwa boti kukichukua.

Mama akawa na wasiwasi. "Mwanangu, mimi kamba hunidhuru, na hiki nacho ni cha baharini." Aliuliza jambo la maana sana. Vipo vitambaa vya kitosani, ambayo hutolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, kwa hiyo mwenye mzio amwambie nesi mapema. Cha mama kilikuwa cha mwani mtupu. Wala si mwani unaolimwa Kwale. Ule ni wa jamii nyekundu na hutoa karajini, kitu cha kugandishia vyakula. Na mwani wa kuokota ufuoni usiuweke kidondani kabisa, maana wa dukani umechujwa, ukasokotwa nyuzi na kuuliwa vijidudu.

Nilikuwa naosha kidonda kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, nakata kitambaa kisivuke kingo, nakilaza, kisha shashi na bendeji juu. Nyuzi zile zina kalsiamu. Zikikutana na sodiamu iliyomo katika maji ya kidonda, hubadilishana, nazo zikageuka ute. Siku ya kubadilisha, ute unatoka kwa kuoshwa tu, na mama hakunji uso.

Lililonitia hofu ni ule ute wenyewe: una rangi ya manjano au kijanikijani, una harufu, na ungeapa ni usaha. Osha kwanza, ndipo utazame. Wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, homa, harufu isiyoondoka baada ya kuosha: hapo usingoje kesho, mpeleke mgonjwa hospitali. Na kwa mwenye kisukari usitegemee maumivu yakuambie, kwani mguu huenda umekufa ganzi.

Muda huo wote tulimpima sukari na hatukumruhusu kuukanyagia mguu ule. Maji yalipopungua, nesi alikiondoa kitambaa cha mwani, kwa kuwa kwenye kidonda kikavu nacho hugandamana, akaweka jeli ya maji hadi ngozi ikafunga. Sasa mama anavaa viatu vipana vilivyofunika vidole, na kila usiku namulika nyayo zake kwa tochi.