Sarafu saba chini ya kizingiti

Kila ninapofika nyumbani kwa mtu na mashine begani, swali la kwanza huwa lile lile: "Unatafuta dhahabu?" Siwalaumu. Huku kwetu Tororo na Busia, mashariki mwa Uganda, mashine ya kutambua metali inajulikana kwa wachimbaji wa dhahabu wa Tiira, na hata yangu niliinunua kwa mmoja wao, mpini umechakaa na waya umezungushiwa selotepu. Lakini dhahabu si kazi yangu. Katiba ya Uganda, ibara ya 244, inasema madini ni mali ya serikali, hata yakiwa chini ya jiko lako, na anayeyatafuta anahitaji leseni. Mimi natafuta vitu vidogo vilivyowaponyoka watu zamani: sarafu, vifungo vya sare, bangili, funguo, majembe yaliyovunjika.

Nilikulia kwenye landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wake, hapa Tororo. Jirani wa kulia Mjaluo, wa kushoto Mteso, wa mbele Mnubi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uwanjani, na ndicho ninachotumia mpaka leo mchana kutwa. Baba alikuwa fundi wa reli. Alipofariki aliniachia kopo la maziwa lenye vifungo vya shaba nyeupe na njano, kufuli mbili na funguo nne ambazo hazikufungua kitu chochote. Nilikaa nalo miaka mingi bila kulielewa. Siku moja nilikaa kibarazani nikaanza kusoma herufi zilizogongwa juu ya kufuli, nikagundua kwamba herufi peke yake zinatosha kukupa umri wa kitu. Palipoandikwa U.R. ni Uganda Railway, jina lililotumika hadi 1926. K.U.R. ni Kenya na Uganda, baada ya hapo. E.A.R.&H., reli na bandari za Afrika Mashariki pamoja, ilianza 1948. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, ikabaki E.A.R., na 1977 Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikabaki na reli yake. Kufuli moja ya baba ilikuwa ya kabla ya yeye kuzaliwa. Ina maana naye alirithi kwa mtu. Hapo ndipo ugonjwa huu uliponishika.

Nilianza vibaya, na nalisema hili wazi kwa sababu naona vijana wengine wanaanza hivyo hivyo. Nilikuwa Mukono kwa jamaa zangu, nikamwomba mzee mmoja nipite kwenye shamba lake la migomba. Akakubali kwa moyo mkunjufu. Siku ya pili, nikiwa nimepiga magoti juu ya kishimo, zikaja bodaboda tatu. Mzee yule alikuwa na kibanja tu, yaani haki ya kukaa na kulima, na ardhi yenyewe ilikuwa mailo, ya mtu mwingine mwenye hati, ile iliyogawanywa kwa Mkataba wa Buganda wa 1900. Mwenye mailo alikuwa amesikia kwamba kuna mtu anachimba dhahabu kwake. Walichukua mashine, tukaenda nayo kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na nusu ya siku ilipita nikijieleza. Walikuwa na haki. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee aliyenikaribisha ndiye aliyebaki na kesi na mwenye ardhi wake, mimi nikarudi zangu Tororo. Tangu siku hiyo, penye mailo siingizi mguu mpaka nisikie kauli mbili: ya mwenye kibanja na ya mwenye hati.

Kwetu huku ardhi nyingi ni ya kimila, ya ukoo, na hapo mambo ni magumu kwa namna nyingine. Hakuna hati ya kuangalia. Kaka mkubwa anaweza kukubali, mdogo wake aliyeko Kampala akapiga simu usiku kukataa, na mjane anayelima pale kila msimu hakuulizwa na yeyote. Kwa hiyo siku hizi safari ya kwanza naenda mikono mitupu, bila mashine. Naanzia kwa mwenyekiti wa LC1, najitambulisha, namwachia nakala ya kitambulisho. Kisha tunakwenda wote nyumbani kwa wenyewe. Nabeba sukari na kipande cha sabuni kama mgeni yeyote. Siulizi habari za kuchimba mpaka tumalize habari za mvua, watoto na mihogo. Nikianza kuuliza, naanza na makaburi: yako wapi, na yale ya zamani yasiyo na saruji yako wapi. Nauliza pia kama kuna mti au jiwe ambalo watu hawalisogelei. Mwenye nyumba akiona kwamba hilo ndilo swali langu la kwanza, hukaa sawa kwenye kiti na kuanza kunisikiliza.

Safari ya pili ndiyo naleta mashine, na kabla ya yote nawapa watoto sarafu ya shilingi 500 wakaifukie popote uani mimi nikiwa nimegeuka. Naitafuta mbele ya kila mtu. Nakata majani pande tatu, nayafunua kama kifuniko, udongo naumwaga juu ya gunia, natoa sarafu, narudisha udongo, nafunika na kukanyaga. Hofu kubwa ya watu ni mashimo kwenye shamba lao, na hofu ya pili ni kwamba mashine inaona hazina mimi nikanyamaza. Wakishaona kishimo cha kiganja kimoja na wakasikia mlio kwa masikio yao, maneno hupungua. Nawaeleza pia inavyofanya kazi: ile duara ya chini inatuma nguvu ya sumaku ardhini, metali yoyote iliyopo inaijibu, na mashine inasoma lile jibu. Kwa sarafu haivuki sana kiganja kimoja kwenda chini. Na udongo wetu mwekundu wenye changarawe una chuma chake, kwa hiyo usipoisawazisha kwanza, kwa kuipandisha na kuishusha juu ya sehemu safi, itapiga kelele siku nzima na utachimba hewa.

Halafu tunaandika. Karatasi moja ya daftari, nakala tatu: ya familia, ya mwenyekiti, ya kwangu. Inasema sehemu gani naruhusiwa na sehemu gani hapana, siku ngapi, kwamba mtu wa familia atakuwa nami muda wote, kwamba kila kitakachotoka ni cha familia na mimi nachukua picha na vipimo tu, na kwamba nikikuta mifupa ya mtu au kitu cha vita naacha papo hapo na tunaita polisi. Hilo la mwisho sikubali liachwe. Ganda tupu la risasi ni kitu kimoja. Ninalo moja lenye K ya kiwanda cha Kynoch cha Uingereza na namba VII, la bunduki aina ya .303. Lakini nchi hii imepita vita vingi, na kitu kizima usichokijua hakiguswi hata kwa jembe.

Sasa nieleze habari ya Mama mmoja, maana kwake ndiko nilikoelewa kazi hii.

Anaishi umbali wa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka relini. Amepita miaka 80. Alinikataa mara mbili. Mara ya kwanza alisema wanawe hawapo. Mara ya pili wanawe walikuwepo, wakakubali, yeye akasema hapana, na nikaaga. Mwanawe mkubwa alinifuata njiani akaniambia nisijali, nije tu siku ya soko Mama akiwa ametoka. Sikwenda. Nadhani Mama aliambiwa, kwa sababu miezi kadhaa baadaye alimtuma mjukuu wake aniite.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe hukuja kwa mlango wa nyuma. Tafuta pale."

Alinyoosha fimbo kwenye kiwanja cha nyasi karibu na mwembe, ambapo mimi nisingetafuta kamwe, maana hapakuwa na dalili ya kitu. Palikuwa na nyumba ya mama mkwe wake, ya udongo na nyasi, iliyoanguka zamani. Alitembea polepole akanionyesha ukuta ulipopita, jiko lilipokuwa, na mlango ulipotazama. Saa mbili nzima nilitoa vizibo vya soda na misumari ya mabati. Kisha, pale pale aliposema ni mlangoni, mashine ikalia sauti nyororo isiyobadilika nikija kushoto wala kulia. Kwenye kina cha kiganja kulikuwa na donge la kijani, nene kama kidole gumba. Niliona ukingo mmoja wa duara, wa pili, wa tatu. Zilikuwa sarafu zimeshikana, na katikati ya donge tundu moja limepenya toka mwanzo hadi mwisho.

Mama hakungoja niisome. "Za tundu hizo," alisema. "Alikuwa anazitunga kwenye kamba ya katani. Alikuwa anauza vyungu."

Sikuzitenganisha pale. Nawaomba wote mnaookota vitu hivi: msisugue. Sio ndimu, sio mchanga, sio brashi ya waya. Ile kutu ya kijani imeshikilia maandishi, na ukiibandua kwa nguvu unabandua mwaka. Kwa ruhusa ya familia nilizilaza kwenye maji ya mvua, nikabadilisha maji kila asubuhi, na siku ya tisa ya kwanza ikaachia yenyewe. Nilizisafisha kwa kijiti kilichochongwa, kisha nikaziangalia usiku kwa tochi iliyolazwa pembeni ya meza. Mwanga ukitoka juu huoni kitu. Ukitoka ubavuni, kila herufi inatupa kivuli chake.

Zilikuwa saba, za senti kumi, za Afrika Mashariki ya Mwingereza: pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, na upande wa pili taji na jina la mfalme. Tatu zilikuwa za 1936, na jina lililoandikwa juu yake lilinifanya nisimame: Edward wa nane. Huyu alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji. Sarafu zetu za tundu hazikuwa na nafasi ya sura, zilihitaji jina tu, ndiyo maana ziliwahi kutoka kwa jina lake. Mojawapo ilikuwa na H ndogo, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Nyingine KN, Kings Norton. Tatu zilizofuata zilikuwa za George wa sita, 1942, bado zikimwita mfalme, na mtawala wa India. Ya saba pia ilikuwa ya George, lakini India haikutajwa tena, kwa sababu India ilijitawala 1947. Mwaka wake: 1952.

Hiyo ya saba ndiyo iliyonipa jibu. Sarafu ya mwisho ndiyo inayosema kwamba kamba haikuweza kufukiwa kabla ya mwaka wake. Kwa hiyo zilifukiwa 1952 au baadaye. Nilirudi kumwuliza Mama aliolewa lini. 1954, alisema, na mama mkwe alikuwa bado anafinyanga. Akacheka polepole akakumbuka kwamba mzee wa nyumba alikuwa mnywaji, na kwamba mke wake alikuwa akifagia mlangoni mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Hakuna kitabu ambacho kingeniambia hilo. Kitabu kilinipa mfalme na kiwanda, Mama akanipa mwenye pesa na sababu ya kuzificha. Kama ningekwenda siku ya soko kwa mlango wa nyuma, ningekuwa na donge la kijani tu, au nisingekuwa na kitu, maana bila fimbo yake nisingefika pale.

Kati ya sarafu za zamani, rupia ndizo zinazoleta balaa kubwa. Watu wanauziana rupia eti ina nguvu, inafukuza punje za mchele, inanunuliwa kwa mamilioni na tajiri asiyeonekana. Nimeshika rupia za India za Malkia Victoria. Ni madini ya fedha halisi, gramu 11.66 kwenye mizani ya sonara zikiwa hazijalika sana, hazishikwi na sumaku, na mchele hautikisiki. Mtu akikupa rupia inayonata kwenye sumaku, mrudishie.

Na kuna mahali ambapo jibu sahihi ni kufunika. Kwenye vilima vya Samia mwenye shamba aliniita kwa furaha, na mashine ilipiga kelele kila hatua. Nilichokiona kilikuwa mavi ya chuma, mabaki ya kuyeyusha chuma, mazito, meusi, na kati yake vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto. Wahunzi wa Samia walikuwa na sifa kubwa, na majembe yao yalifika Busoga na kulipia mahari. Pale palikuwa na tanuri. Nilimweleza mwenye shamba kwamba thamani iko katika namna vitu vilivyolala, na nikichomoa kimoja nimefuta mstari mmoja. Sheria ya makumbusho ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, inalinda mahali kama hapo. Nilipiga picha, nikaandika mahali, nikazipeleka makumbusho ya taifa pale Kitante, Kampala. Mwenye shamba alisikitika kidogo, kisha akahamisha kitalu chake cha mihogo upande wa pili bila mimi kumwomba.

Sarafu za Mama nilizirudisha zote saba, na karatasi yenye mwaka wa kila moja kwa maandishi makubwa. Wanawe walizungumza habari za kuuza. Yeye alimtuma mjukuu akaleta uzi wa katani, akazitunga upya moja moja, ile ya 1952 mwisho, akazitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kisha akanishika mkono, akanionyesha kwa fimbo upande wa shamba la mahindi.

"Ghala lake lilikuwa pale," alisema. "Tukishavuna, uje."

Mahindi bado yana maziwa. Nitakwenda mwezi ujao, na karatasi mpya.